Ziwa Jipe na mstari wa mwaka 1886

Msimu wa likizo ukikaribia mazungumzo ya mijini huwa ni yale yale. Mwenye nacho anataja Zanzibar, Bagamoyo au Pangani. Asiye nacho anapanga Jumapili moja ya Koko Bichi na kurudi nyumbani kabla giza halijaingia. Kwetu sisi ufukwe maana yake ni bahari, na likizo maana yake ni kuketi mahali penye upepo na maji. Wiki hii nawaomba tuiache bahari kidogo, tupande na reli ya Tanga hadi Upareni, tukaketi kando ya maji mengine ambayo wengi wetu tumeyasikia tu katika somo la jiografia. Nayo ni maji ya Ziwa Jipe.

Jipe si ziwa kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 30, na kina chake sehemu nyingi hakifiki mita 3. Liko mashariki ya milima ya Upare ya Kaskazini, katika wilaya ya Mwanga, ambayo pamoja na Same ilikuwa wilaya moja ya Pare hadi zilipotenganishwa mwaka 1979. Ng'ambo ya pili ya ziwa ni Kenya. Maji yake huletwa hasa na mto Lumi, unaoshuka kutoka mlima Kilimanjaro na kupitia Taveta. Kisha yanatoka kwa mto uitwao Ruvu. Wakazi wa Dar es Salaam msije mkadhani ni ule Ruvu mnaounywa bombani. Huo unatoka milima ya Uluguru. Ruvu hii ya Upareni inakwenda kukutana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo unaanza mto Pangani mpaka baharini. Kwa hiyo mtu anayeogelea Pangani mjini wakati wa likizo yake amekwisha kukutana na Jipe, ila hakutambulishwa.

Na mandhari je? Magharibi, milima ya Upare imesimama kama ukuta. Kaskazini-magharibi, mawingu yakiwa na huruma, Kilimanjaro inaonekana na theluji yake iliyobaki. Majini kuna viboko na mamba, na katika matete kuna ndege wa kila namna: mnandi, korongo, yangeyange, mdiria, bata maji, na furukombe akilia juu ya mti mkavu. Jioni tembo hushuka kunywa. Mtu anayependa wanyama lakini hapendi kusukwasukwa garini siku nzima, hapa anaweza kuketi mahali pamoja na wanyama wakaja wenyewe.

Sasa linakuja jambo ambalo ndilo lililonifanya nichague mada hii. Mgeni anayekuja Jipe kupumzika na kutazama tembo, kwa kawaida hulala upande wa Kenya, kwa sababu mabanda na kambi za watalii ziko huko, ndani na kandokando ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Upande wetu utakuta mitumbwi, nyavu, perege wakianikwa, na mashamba ya mahindi ambayo tembo yule yule aliyepigwa picha jioni huyaingia usiku. Ziwa ni moja na tembo ni mmoja. Upande mmoja anaingiza fedha, upande wa pili anakula chakula cha watu. Kulikoni? Jibu haliko katika maumbile ya nchi. Liko katika historia, na historia yenyewe si ndefu sana.

Kabla ya mpaka kuwapo, Jipe lilikuwa katikati ya mambo. Juu ya ziwa, katika milima, iko nchi ya Ugweno. Wagweno walikuwa na kitu ambacho majirani wote walikitaka, nacho ni chuma. Walikuwa wakichekecha mchanga wenye chuma kutoka katika vijito, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe, mikuki na shoka. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyewe mtoto wa Upare, alikusanya mapokeo ya wazee na kutoa kitabu juu ya historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969. Katika mapokeo hayo, ukoo wa wahunzi, Washana, ndio waliotawala Ugweno mwanzoni. Kisha wakapinduliwa na ukoo wa Wasuya, na mtawala Mranga akaupanga upya utawala na jando la msituni, yaani mshitu. Wachaga, wenye ndizi na ng'ombe lakini wasio na chuma cha kutosha, walikitafuta chuma cha Ugweno. Napenda kulisema hili mapema, maana wengi wetu tulifundishwa kwamba biashara ya bara ilianza siku Mwarabu alipofika na shanga. La hasha! Njia zilikuwapo, masoko yalikuwapo, na watu wakijua wapi pa kupata maji.

Misafara ya pwani iliikuta hali hiyo, nayo ikaingia humo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilikuwa ikitoka Mombasa, Vanga, Tanga na Pangani. Ile ya Pangani ilifuata bonde la mto kupita magharibi ya milima ya Usambara na Upare. Ile ya Mombasa ilikata nyika ya Taru, ikapita Utaita, ikafika Taveta, mwendo mfupi kutoka Jipe. Aliyewahi kusafiri katika nyika ile wakati wa kiangazi ataelewa maana ya kufika Taveta: msitu, mto, ndizi, na watu walioishi ndani ya msitu nyuma ya malango yao ili Wamasai wasiwafikie. Hapo wapagazi walitua mizigo, wakapumzika siku nyingi, wakatunga shanga katika nyuzi kwa kipimo kilichokubaliwa Umasaini, wakanunua chakula cha safari. Bidhaa zao zilikuwa amerikani, kaniki, shanga na masango. Kwa bahati mbaya si pembe tu zilizorudi pwani. Watu nao walirudishwa wakiwa wamefungwa, na Upare iliumia vibaya katika miaka ya mwisho ya karne ile. Kwa hiyo tunapozungumzia wasafiri wa zamani waliopumzika karibu na Jipe, tusisahau kwamba wengine hawakuwa wasafiri kwa hiari yao.

Kuna jina moja la Mswahili ambalo ningependa lijulikane zaidi, maana vitabu vingi humtaja kwa kupita tu. Huyo ni Sadi bin Ahedi, mtu wa pande za Gazi, kusini ya Mombasa. Alikuwa mtu wa misafara, na njia za bara alizijua kwa moyo: kituo hadi kituo, mto hadi mto, siku ngapi bila maji. Mmisionari Mwingereza aitwaye Wakefield aliketi naye akaandika aliyoyasema, na mwaka 1870 habari hizo zikachapishwa katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Mabwana wa Ulaya wakazichora ramani zao kwa maneno ya mtu ambaye hakuwa na ramani. Mwaka 1871 Sadi akamwongoza mmisionari Charles New hadi Uchagani, na mwaka 1883 alikuwamo katika msafara wa Joseph Thomson kwenda Umasaini. New na Thomson waliandika vitabu vyao. Sadi hakuandika, na hata walipomwandika hawakumpenda sana.

Miaka 10 kabla ya New, yaani mwaka 1861, Baron Carl Claus von der Decken, Mjerumani, na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton walipita Upare na Ziwa Jipe wakielekea Kilimanjaro. Mwaka 1862 von der Decken alirudi na mwanasayansi Otto Kersten, wakapanda mlima hadi kiasi cha mita 4,200 na ushei. Safari hizo zilikuwa za elimu, tuseme hivyo. Lakini elimu ile ya vipimo na ramani ndiyo iliyokuja kuwekwa mezani huko Ulaya miaka 24 baadaye.

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana jinsi ya kuigawana nchi iliyo kati ya mto Ruvuma na mto Tana. Mstari ulianzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukanyooka moja kwa moja hadi Ziwa Jipe. Hapo ukapita kando ya ziwa upande wa mashariki, ukazunguka kaskazini yake, ukavuka mto Lumi, ukapita katikati ya Taveta na Uchagani, kisha ukazunguka Kilimanjaro kwa kaskazini na kunyooka tena hadi Ziwa Viktoria. Tazama ramani yoyote ya Tanzania utaona mkunjo ule. Kuna hadithi maarufu kwamba Malkia Viktoria alimpa mlima huo mjukuu wake, Kaizari Wilhelm, kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi ni tamu na waongozaji watalii wanaipenda, lakini mwaka 1886 Wilhelm hakuwa Kaizari bado. Alitawazwa mwaka 1888. Mlima na ziwa havikutolewa zawadi. Viligawanywa na makarani, kwa sababu kila upande ulitaka kituo chake cha misafara: Mwingereza Taveta, Mjerumani Uchagani.

Kwa maneno ya mkataba ule ziwa lote liliangukia upande wa Wajerumani. Baadaye mipaka ilipopimwa na kurekebishwa mstari ukaingia majini, na leo unapita ndani ya ziwa. Samaki hawakuarifiwa. Wala hakuna aliyewauliza Wapare, Wataveta na Wakamba waliokuwa wakivuka huku na huko kuoa, kununua chumvi na kulisha mifugo.

Ilipofika Agosti 1914 mstari huo ukawa uwanja wa vita. Wajerumani walivuka wakaiteka Taveta katika mwezi huo huo wa kwanza, wakajichimbia katika kilima cha Salaita. Walikaa mwaka mmoja na nusu. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walipanda Salaita wakidhani ni kazi ya asubuhi moja, wakarudishwa kwa kishindo. Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi, vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta vilipiganiwa, Wajerumani wakarudi nyuma. Jeshi la Jenerali Smuts likawafuata kwa kushika reli ya Tanga, na kufikia mwisho wa Mei lilikuwa limekwisha kupita nchi ya Same. Vilima hivyo viko umbali wa matembezi ya siku moja kutoka ziwani, na katika baadhi yake mahandaki bado yanaonekana.

Wageni kutoka Ulaya huja kuyatazama mahandaki hayo, wengine wakitafuta habari za babu zao. Sisi tuna babu zetu pia. Jeshi la Waingereza halikusafiri kwa farasi, maana farasi walikufa kwa mbung'o. Lilisafiri kwa mabega ya wapagazi, walioandikishwa, na wengi kulazimishwa, katika kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza "Carrier Corps". Ulimi wetu ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko waliokufa kwa risasi. Kila siku tunakwenda kununua nyanya na vitenge Kariakoo, na tunalitaja jina lao bila kufahamu.

Baada ya vita hiyo bendera ya Mwingereza ilipepea pande zote mbili, na mtu angetegemea mstari ufutike. Haukufutika, na kazi yake mpya ikawa ya wanyama. Mwaka 1948 serikali ya Kenya ilianzisha hifadhi ya Tsavo, na upande wa kusini wa sehemu yake ya magharibi ukafika ufukweni mwa Jipe. Mwaka 1951 Tanganyika ikatenga Pori la Akiba la Mkomazi, linalopakana na Tsavo na kuanzia kilomita chache tu kutoka mji wa Same. Ukiziweka pamoja, hizo ni nchi moja ya tembo. Lakini Tsavo ilikuwa hifadhi ya taifa tangu mwanzo, na ikafunguliwa kwa watalii na barabara na vibanda vya kulala. Mkomazi ilibaki pori kwa miaka 57, hadi ilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Katikati ya hapo, mwaka 1988, wafugaji waliokuwa wakiishi humo waliondolewa, na kesi yao ikaenda hadi Mahakama ya Rufani. Leo Mkomazi ina faru weusi, mbwa mwitu, twiga na choroa. Ni mahali pazuri kweli, na ukitoka Same asubuhi unaingia langoni kabla chai haijapoa.

Basi hiyo ndiyo sababu ya mabanda kuwa kule na nyavu kuwa huku. Wanakijiji wa kata za Jipe na Kwakoa wamebanwa kati ya hifadhi mbili na ziwa moja, na hakuna kati ya hizo waliyoichora wao. Tembo anapokula shamba, sheria inampa mkulima kinachoitwa kifuta jasho. Akiua mtu, familia inapewa kifuta machozi. Majina hayo yamechaguliwa kwa uangalifu, kwani si fidia. Mimi nina maoni kwamba kama mgeni ataletwa upande huu akalala kijijini, akala perege, akapanda mtumbwi na kijana wa hapo, akapandishwa Ugweno kuonyeshwa ilikokuwa tanuri ya chuma, faida yake itafika jikoni haraka kuliko kifuta jasho. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Sasa hivi mgeni anakuja, anaponya wenyeji wa ng'ambo.

Lakini kuna tatizo kubwa kuliko la watalii, na hapa naomba tusikilizane kwa makini. Ziwa lenyewe linajaa tope. Miteremko ya juu imelimwa, miti imekatwa, mifugo imeongezeka, na kila masika Lumi na makorongo ya Upare hubeba udongo na kuutua katika ziwa ambalo tangu hapo halikuwa na kina. Penye tope huota magugu ya matete, na matete yakishaota hushika tope lingine. Ukanda huo wa kijani sasa ni mpana hata wavuvi hukata njia ndani yake kwa mapanga ili mtumbwi upite, na njia hufunga tena. Lumi inaingia upande wa kaskazini, na Ruvu inatokea pande hizo hizo. Kwa maneno mengine, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea vinazibwa na tope lile lile.

Na humo ndani kuna samaki asiye na ziwa lingine. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Mwingereza, Rosemary Lowe, alieleza kitaalamu aina ya perege kutoka Jipe, akampa jina la ziwa. Leo wataalamu humwita Oreochromis jipe. Anapatikana katika mfumo huu wa maji wa Pangani tu, na wanasayansi wamemweka katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Nyavu za matundu madogo zimechangia, na perege wa kigeni waliopandikizwa katika maji ya bonde hili wamechangia pia.

Msikilizaji wa mjini anaweza kusema: samaki wa Mwanga mimi wananihusu nini? Haya, tufuate maji. Yanatoka Jipe kwa Ruvu hadi Nyumba ya Mungu. Kikuletwa ndiyo inayoleta maji mengi zaidi bwawani, lakini Ruvu ina fungu lake. Hapo kuna mitambo ya umeme ya megawati 8. Chini yake, katika mto Pangani, kuna Hale yenye megawati 21 na Maporomoko ya Pangani yenye megawati 68. Na mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ambao wananchi waliusubiri miaka mingi mno wakiwa na madumu mkononi. Maji ya mradi huo yanachotwa Nyumba ya Mungu. Mama wa Same anayefungua bomba lake leo anategemea, kwa sehemu, kwamba matete hayataifunga Ruvu huko juu.

Kulisafisha ziwa kwa mapanga upande mmoja hakusaidii. Udongo unatoka nchi mbili, na serikali hizi mbili zimekaa mezani juu ya Jipe mara kadhaa, zikatoa taarifa nzuri. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko Moshi, mwendo wa saa chache. Wenzao wa Kenya nao wako karibu. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni watu wengi wanaolijua ziwa hili na kuuliza habari zake. Bahari ikichafuka Koko Bichi magazeti yanaandika kesho yake. Jipe halina wapiga kelele, kwa sababu wanaolifurahia wako ng'ambo na wanaolitegemea wana mitumbwi tu.

Atakayependa kwenda, njia ni nyepesi. Basi lolote la Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha litamshusha Mwanga mjini. Kutoka hapo kuna barabara ya vumbi inayozunguka milima hadi ziwani, na wakati wa masika aulize kwanza kama inapitika. Mwenye miguu mizuri apande Usangi, aombe mwongozaji wa msitu wa Kindoroko, kilele chenye mita 2,113; asubuhi isiyo na ukungu ataliona ziwa lote chini yake, na Kilimanjaro upande wa pili. Kijijini apitie ofisi ya serikali ya kijiji kujitambulisha, kwani ni mpakani. Bei ya mtumbwi ipatanwe kabla ya kupanda, na mwenye mtumbwi asikilizwe anaposema viboko wako wapi. Wanaopenda ndege wachague kati ya Novemba na Machi, wakati ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wanapokuwapo.